Hodi Darajani

Kila ninaposikia harufu ya usipa, vile visamaki vyetu vya Ziwa Nyasa, wakikaangwa kwa mafuta mengi, hamu ya kula hunitoka.

Tulikuwa tumeteremka ziwani mimi na mama, kutoka milimani kwetu kwenye kahawa. Ufukweni palikuwa na bustani ya michezo, na mgahawa wake ulijengwa juu ya maji. Unaufikia kwa daraja la kamba linaloyumba. Mama alisita njia nzima, tujaribu au tuache. Tulipofika darajani alicheka. "Twende, mwanangu. Tukianguka, tutakuwa tumeoga."

Akavua viatu, akavipanga pembeni. Akaweka vizuri kichwani mfuko wa maharage aliyoyabeba tangu nyumbani, maana kwetu huendi kula kwa watu mikono mitupu. Kisha, badala ya kuingia, akapaza sauti.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Wasichana wawili waliokuwa wakila mgahawani waligeuka, wakatazama viatu, wakatazama mfuko, wakafunika midomo. Masikio yangu yaliwaka moto.

"Hao ni wageni kama sisi," mama alisema. "Wenyewe umewaona?"

Nilikuwa nimemwona mhudumu akija na sinia ya usipa wa kukaanga, anatabasamu.

"Hawapo, mama. Turudi nyumbani."

Akashusha mfuko, akauegemeza kwenye nguzo ya daraja, akaukunja mdomo ili mchanga usiingie.

"Basi tuwaachie," alisema. "Wakirudi watajua tulifika."