Fundo la Mgongoni

Jumamosi, saa tisa na robo alasiri, hapa Lamadi. Saa naikumbuka sawasawa kwa sababu nilikuwa nimevaa ile saa ya mjomba Maduhu tunayopimia kina mama wakiogelea, na ubishi ulipoanza nilikuwa naiangalia ili nisiangalie watu. Ndivyo nilivyo. Shuleni Bariadi mwalimu akiuliza swali, hata kama jibu nalijua, nitaliandika kwenye kiganja kisha nikifumbe.

Mama yangu ni mchuuzi wa dagaa. Yeye na wenzake tisa wana kikundi cha kuogelea, watu wazima watupu; aliye mdogo kuliko wote ana watoto watatu. Walianza walipochoka kuyaogopa maji yanayowalisha. Kila likizo ya Juni wanashindana, kutoka mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha dagaa, hadi kwenye jiwe ambalo ndege wamelipaka chokaa, halafu kurudi. Miaka mitatu mfululizo mama amekuwa wa pili, nyuma ya Mama Kulwa, na sasa goti lake la kushoto limeanza kulia kama mlango. Mashindano ni kesho, Jumapili. "Mwaka huu au basi tena," anasema.

Sasa mjomba Maduhu, mdogo wake mama, anauza mitumba. Katika belo alilofungua wiki hii, katikati ya mashati, ilitoka nguo ya kuogelea ambayo hakuna mtu hapa aliyewahi kuiona ya namna hiyo. Nyeusi, inaanzia mabegani inaishia magotini, haina mshono hata mmoja, na ukiimwagia maji yanakimbia kama yamefukuzwa. Mama aliijaribu Alhamisi. Tulimvalisha watu watatu, kwa sabuni. Halafu alikwenda jiweni na kurudi, nikaangalia saa, nikadhani imesimama.

Leo mjomba aliinyanyua mbele ya kikundi kizima kama anapiga mnada.

"Hii ndiyo wanayovaa wale wa kwenye televisheni! Ukiwa ndani yake maji hayakushiki. Yanakuomba radhi, yanapita."

"Sasa mimi kesho nashindana na Mama Minza au nashindana na kiwanda?" akauliza Mama Kulwa. Minza ndiye mimi.

"Mwenzangu, wewe una miguu ya msichana," mama akamjibu. "Mimi nina goti. Hii itanibeba pale goti linaponiacha. Halafu inasitiri, siyo kanga zetu zinazotuacha uchi mbele ya wavuvi."

"Wavuvi hawajalalamika!" akasema mtu nyuma, watu wakacheka.

"Siku hizi ruksa, dada zangu," mjomba akaendelea. "Soko huria. Mwenye nacho avae."

"Na sisi ambao kaka zetu hawana mabelo?"

Mmoja akatoa wazo kwamba mama aivae, ila afunge fundo kama wote. Katika kikundi hiki kila anayeingia majini hujifunga kipande cha kanga kiunoni, na fundo kubwa linakaa mgongoni. Bila fundo huingii. Miaka yote nilidhani ni sare tu.

"Hapo mmeiua," mjomba akasema. "Kitambaa kinakamata maji. Tena juu ya hii hakikai, kinateleza mpaka magotini."

Wakapiga kura. Watano avae, watano asivae. Mama Shija, mwenyekiti, akageuka. "Karani hajapiga."

Karani ni mimi, kwa sababu nina mwandiko. Wote wakaniangalia. Nikaiangalia saa.

"Naomba mpaka kesho asubuhi," nikasema.

"Eti kasemaje?"

"Kaomba kesho."

Mama alinitazama kama mtu ambaye ameshashinda. Na hapa niandike ukweli: nilitaka ashinde. Jana nilijifungia ndani nikaingiza mkono wangu kwenye mguu wa ile nguo, nikautumbukiza kwenye ndoo, nikaupeleka huku na huku nikicheka peke yangu.

Saa kumi nikaenda kwa bibi, mama yake mama, na ile nguo kwapani. Alikuwa anageuza dagaa kwenye chanja. Habari zilikuwa zimemfikia kabla yangu.

"Mwadila, bibi," nikamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, karani. Hebu ilete niishike."

Akaiminya kwa mkono wake wenye magamba ya samaki. Ikamponyoka. Akaiminya tena, ikamponyoka. Akaanza kucheka mpaka akakaa chini. Haya yanayofuata ni maneno yake. Nimeyaandika kama alivyoyasema.

"Nakumbuka siku niliyonuka kama jiko la harusi, mwanangu, mbwa wote wa mwalo huu wakanipenda. Usicheke kwanza. Utacheka baadaye.

"Nilikuwa nimeolewa juzijuzi tu kutoka Nkololo. Kwetu maji yalikuwa ya ng'ombe kunywa, siyo ya mtu kujitumbukiza. Huku nikakuta wanawake wanaingia ziwani kama wanaingia jikoni. Wifi yangu Milembe, dada yake babu yako, ndiye aliyenifundisha kuogelea, na alinifundisha kwa matusi. 'Ndama wewe,' anasema, 'piga miguu! Ukizama tutakuvuta kwa mkia!' Wote wakanishika jina hilo. Ndama. Na mimi nilikuwa na kiburi, maana ng'ombe wa baba yangu walikuwa wanajaza bonde, na hawa walikuwa na nini zaidi ya nyavu?

"Basi, pamba ikishavunwa wake vijana walikuwa wanashindana mpaka kwenye jiwe hilohilo. Nilijua kwa miguu yangu Milembe simpati. Lakini ndani nilikuwa na kibuyu cha samli, mama yangu kanipa nimletee mama mkwe wangu, na sikuwa nimekitoa bado. Nikawaza kichungaji. Ndama akizaliwa anateleza mikononi, kinachoteleza kinapita. Nikaenda nyuma ya nyumba nikajipaka kuanzia shingoni hadi unyayoni. Nilikimaliza, mwanangu. Kibuyu kizima. Mvuvi asingefanya kosa hilo, maana yeye anajua samaki kwa nini ana utelezi: ili asikamatwe.

"Jua lilikuwa kali. Samli ikayeyuka. Mbwa wa kwanza akaja, wa pili, nikaingia majini mbio kuwakimbia wao, watu wakadhani nina hamu ya mashindano. Na nikapita, siwezi kukudanganya. Nilipita kama kambare. Wao wanayasukuma maji, mimi maji yananisukuma. Nikaligusa jiwe wa kwanza, nikageuka, nikamwona Milembe kule nyuma. Nikamcheka. Mdomo wazi, katikati ya ziwa. Maji usiyoyajua wingi wake usiyafungulie mdomo.

"Maji yakaingia, nikapaliwa, na mguu ukajikunja kama umefungwa kamba. Nikazama. Nikaibuka, nikaita, nikazama tena. Milembe akafika. Mwanangu, angeweza kupita akashinda, nani angemlaumu? Hakupita. Akanishika mkono, ukateleza. Akanishika bega, likateleza. Akanikumbatia kiuno, nikamponyoka kama sabuni. Huko ufukweni wanapiga vigelegele, wanadhani tunacheza! Na mimi naona uso wake hapa karibu, mkono wake huu hapa, na haunifikii. Kilichonipitisha kwenye maji ndicho kilichomnyima Milembe mahali pa kunishika.

"Mwisho akakamata nywele. Nilikuwa nimesuka, na kichwani sikujipaka. Akanivuta kwa mikia yangu miwili mpaka ufukweni, huku ananitukana njia nzima. 'Ndama wewe! Umejipaka nini? Si nilisema tutakuvuta kwa mkia?'

"Mama mkwe akaja. Akainama. Akaninusa bega. Akasimama akasema, 'Mkamwana, hii samli yangu sasa nitaila vipi? Nikulambe?' Watu walianguka chini kwa kicheko. Mbwa ndio hawakucheka, wao walikuwa kazini.

"Nilijificha siku mbili. Siku ya tatu yule mama aliingia kwangu, nikajua sasa ni habari ya kibuyu. Hakukitaja. Alichana kipande cha kanga yake mwenyewe, akanizungushia kiunoni, akapiga fundo mgongoni, kubwa kama ngumi. Akasema, 'Maji umeshayavulia nguo, huna budi kuyaoga. Leo unarudi ziwani. Lakini oga ukiwa na mahali pa kushikwa.' Milembe naye alipoliona akajifunga la kwake, ili nisionekane peke yangu. Wakafuata wengine. Ndilo fundo hilo mnalofunga mpaka leo, na wewe hukujua lilitoka wapi. Lilitoka kwenye upumbavu wangu."

Bibi akageuza dagaa upande wa pili. Nikajishika kiuno bila kutaka.

"Sasa sikia, karani. Mimi vitu vipya sivikatazi. Mashine ya kusaga ilipokuja tulisema itatufanya wavivu, na leo nani anataka jiwe la kusagia? Mama yako goti linamuuma, na kutafuta wepesi siyo dhambi. Wala sikuambii kura uipeleke wapi, ni yako. Ila dunia imefunguliwa sasa, kila siku belo linafunguliwa, na kila belo lina kitu kinachong'aa. Usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla hujakivaa kitu, mpe mwenzako akishike kwanza. Jiulize: siku nikizidiwa, atanishika wapi? Ukikosa jibu, hiyo siyo nguo, mwanangu. Hiyo ni samli.

"La pili. Neno chungu mpelekee mwenyewe kabla hajalisikia kwa watu. Milembe alinitukana usoni, siyo mgongoni, ndiyo maana tulipendana mpaka nikamzika.

"Na la tatu, usikasirike. Hiyo aibu yako nayo ni samli. Watu tunataka kukushika, tunateleza. Unaongea kama mtu anayeficha sarafu mdomoni.

"Haya. Mungu akupe sauti inayotosha kazi yako. Maji yakupokee na yakurudishe. Uende mbali na usome sana, na kote huko usikose fundo, na usikose mkono wa kulishika. Wabeja, asante kwa kunisikiliza. Sasa shika upande huo wa chanja, dagaa hawajigeuzi."

Nimeandika yote haya jioni hii ya Jumamosi; ya kesho nitayaongezea hapa chini.

Jumapili. Niliamka kabla ya kuitwa. Mama alikuwa anakoroga uji, na ile nguo nyeusi imekaa kwenye kigoda pembeni yake kama mgeni anayesubiri chai. Nikasimama mlangoni. Nikataka kurudi kulala.

"Mama," nikasema, "kura yangu ni usivae."

Aliendelea kukoroga. Uji ulikuwa umeshaiva zamani, ila aliendelea kukoroga.

"Nataka ushinde," nikasema. "Nataka sana. Lakini ukizidiwa kule jiweni, Mama Kulwa atakushika wapi?"

"Bibi yako kakusimulia samli."

"Ndiyo."

"Nilijua. Nilipokuona jana unaenda kule na nguo kwapani nikasema, nimekwisha." Akaepua sufuria. Alikaa kidogo anaitazama ile nguo, na uso wake haukuwa wa kucheka. Nilidhani atalia, au atanichapa, na sikujua lipi ni afadhali. Kisha akachukua kipande chake cha kanga kilichokuwa kwenye kamba, akanipa, akanigeuzia mgongo. "Basi nifunge. Kaza. Nikiwa wa pili tena, leo wewe ndiye utakayebeba ndoo za dagaa."

Nikafunga. Nikakaza mara mbili.

Mwaloni walikuwa wameshajipanga, Mama Shija yuko mbele, mjomba Maduhu pembeni, uso umekunjamana kama shati la belo kwa kuona dada yake kaja na kanga. Nikafungua daftari kana kwamba kuna kitu cha kusoma. Hakukuwa na kitu.

"Nguo isivaliwe," nikasema. Maneno yakaishia kwenye meno.

"Karani, hatusikii!" akapiga kelele Mama Kulwa.

Nikatafuta saa mkononi niiangalie. Nilikuwa nimeshamrudishia mjomba. Ndipo nikasikia sauti ya mama, amesimama kwenye maji ya kifundo cha mguu, mgongo kwetu, fundo langu limetokeza.

"Sema tena, Minza. Wasikie mpaka jiweni."

Nikasema tena. Mjomba anaapa kwamba ndege waliruka kule kwenye jiwe, lakini mjomba anauza mitumba.