Minazi Yake, Ardhi Yetu

Watu wakinitambulisha mikutanoni husema nimewapigania wanawake wa pwani kwa zaidi ya miaka ishirini, kisha wanapiga makofi, nami natabasamu kama bibi harusi aliyelazimishwa. Sijawahi kuwaambia kwamba kazi hii, kwa sehemu kubwa, ni kinyaa. Ni kukaa kwenye benchi ukimsikiliza mwanamume mzima akieleza, kwa upole na kwa Bismillahi, kwa nini mke wa marehemu kaka yake afukuzwe. Wenzangu hupata hasira, na hasira huwapa nguvu. Mimi huchefuka tu.

Nilizaliwa Pongwe, kwenye kambi ya mkonge, kwa wazazi vibarua waliotoka bara na Biblia yao ya Kilutheri na sufuria mbili. Nilipomaliza mafunzo ya usaidizi wa kisheria nilipangiwa vijiji vya pwani. Kazi yenyewe ni kumwandikia mtu barua, kumwelekeza baraza la kwenda na kumsindikiza asije akatishwa. Wazee waliniita mbara, mwanzo kwa dharau, baadaye kwa mazoea tu. Nikajifunza adabu zao: shikamoo kabla ya neno lolote, viatu mlangoni, na chakula hakikataliwi. Hilo la chakula ndilo lililoniponza.

Kigombe kulikuwa na mwanamke aliyenizidi miaka kumi hivi, nami nikimwita dada. Mumewe alifariki baada ya kuugua kifua. Walikuwa na binti mmoja tu, ameolewa Moa. Shamba lao lilikuwa kipande cha mchanga nyuma ya kijiji, mume alilirithi kwa babake, na siku dada huyu anaolewa lilikuwa kichaka kitupu. Minazi yote aliipanda yeye. Aliimwagilia kwa ndoo ya kichwani kutoka kisima cha shambani mpaka ikashika. Nazi zake ndizo zilizomlisha, na makuti yake ndiyo yaliyoezeka nyumba yake. Bila shamba lile angerudi kuwa mtu wa kuomba.

Arobaini haijafika, mdogo wa marehemu akapeleka shauri baraza la kijiji: ardhi ni ya ukoo, irudi kwa ukoo. Mjane naye yuko eda, miezi minne na siku kumi, hatoki nje ya ua wake. Shemeji alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana ndiye aliyepita kila asubuhi kumkumbusha kwamba mjane wa heshima hatoki. Huo ndio uchafu wenyewe. Anamfungia ndani kwa dini, halafu anakwenda kumshtaki mahali asipoweza kufika.

Nikaenda kwa mwalimu wa madrasa, mzee anayesikilizwa na kijiji kizima. Nikamwamkia, nikamwuliza kama dini inamzuia mjane kwenda kutetea haki yake. Akasema haimzuii, haja ni haja, anaweza kutoka mchana akarudi kulala kwake. Nikamshukuru, nikamwomba aje aseme hivyo hivyo kikaoni. Hapo akaanza kukohoa. Ana mafua, ana wageni, halafu huyo shemeji ndiye anayesimamia mchango wa bati za paa la madrasa. Yote hayo alinieleza kwa sauti nzuri huku akivuta tasbihi, nami nikatoka nikitamani kunawa.

Mjane mwenyewe hakutaka kutoka. Alisema alimkalia mumewe kwa heshima akiwa hai, na sasa atamkalia kwa heshima vile vile. Ndipo nikapata wazo nililolionea fahari: kama yeye haendi barazani, baraza lije kwake. Mwenyekiti wa baraza alikubali haraka mno, nami badala ya kushtuka nikafurahi. Nikamwambia mjane awapikie vizuri, kwa kuwa mtu aliyeshiba husikiliza. Mgeni njoo mwenyeji apone, nilimwambia, tena kwa madaha, mbara niliyeijua pwani.

Walikuja wanaume watupu. Wajumbe wanawake, ambao sheria inataka wawepo, walisemekana wana udhuru. Pale pale ningesimamisha kikao. Sikukisimamisha, kwa kuwa wali ulikuwa umeiva.

Mjane alikaa nyuma ya pazia la mlango wa chumbani, akajibu maswali kutoka huko. Alieleza minazi yake safu kwa safu, ipi alipanda akiwa na mimba, ipi alipanda baada ya mtoto kuacha ziwa. Hakuna aliyembishia. Shemeji mwenyewe alikiri kwamba kila mnazi umepandwa na mke wa kaka yake. Nikajisemea kazi imekwisha.

Chakula kikaja: wali wa nazi, samaki wa kupaka, maharage ya nazi. Nazi zote zilitoka kwenye shamba hilo hilo walilokuja kuliamulia. Shemeji alijipakulia mara mbili. Tui lilimtiririka hadi kiwikoni, akalilamba mbele za watu, akausifu mkono wa mpishi, akauliza kama kuna ukoko. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Mzaliwa na marehemu ndiye aliyekomba sufuria siku ile. Nami nilikula. Katika taarifa yangu ya kazi sikuliandika hilo, basi naliandika hapa. Nilikula nikashiba.

Walinawa, wakachokonoa meno, na mwenyekiti akatoa uamuzi kabla sahani hazijaondolewa. Huku pwani mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Ni desturi ya tangu zamani, na imewalinda maskini wengi waliopanda kwenye ardhi ya wenye nacho, jasho lao lisiliwe. Siku ile waliigeuza kisu.

"Minazi ni yake, hakuna wa kumdhulumu mtu hapa," alisema mwenyekiti. "Ardhi ni yetu wanaukoo, nami ni mmoja wao. Akitaka kuingia kuangua, amwombe shemejiye ruhusa."

Shemeji akasema ruhusa itategemea. Hakusema itategemea nini, lakini alilitazama lile pazia kwa jicho ambalo hadi leo nikilikumbuka natema mate. Nyuma yake zilisikika sahani zikikusanywa.

Mkubwa wangu wa kazi, mjini Tanga, aliisoma taarifa akafurahi. Haki ya mjane juu ya minazi imetambuliwa mbele ya baraza, bila ugomvi! Akaitia kwenye kijitabu cha mafanikio. Nilipokiona nilikifunika kifudifudi mezani, nikaanza kuandaa rufaa. Ushahidi wetu mkubwa ulikuwa minazi yenyewe. Mtu yeyote akisimama pale, akaziona zile safu zilizonyooka, angejua ni nani aliyekigeuza kichaka kuwa shamba. Nikampigia mjane simu, nikamwambia avumilie, akitoka eda tutakwenda wote baraza la kata. Alisema sawa.

Siku ya pili baada ya yeye kutoka eda nilipanda bodaboda na karatasi zangu. Nilisikia msumeno wa mashine kabla sijafika. Mjane alikuwa amemwita fundi wa mbao kutoka Muheza. Yeye amekaa juu ya gogo, kanga mpya, ananukia udi, na zaidi ya nusu ya minazi iko chini. Ruhusa ya kuingia aliiomba jana yake, kwa unyenyekevu, na shemeji aliitoa huku anachekelea, akidhani mwanamke ameanza kulainika.

Shemeji alikuwa amesimama mpakani na mwenyekiti, wakisema huo ni ukatili, mti wa chakula haukatwi. Kumzuia hawakuweza. Walishatamka wenyewe mbele ya watu kwamba minazi ni yake. Shemeji aliponiona akanikimbilia, yeye ambaye hajawahi kuniitikia salamu.

"Weye si mtu wa haki za wanawake? Kamwambie aache. Atakusikia weye."

Nikampita. Nikaenda hadi kwenye gogo, nikaanza kumsihi dada yule. Nikamwambia minazi ndiyo ushahidi wetu, akiimaliza rufaa itakufa na ardhi ataikosa moja kwa moja, nikamwomba walau safu za kisimani aziache. Nilisema mengi mpaka nikaisikia sauti yangu mwenyewe. Maneno yalikuwa yangu, lakini nilichokuwa namwomba ni kile kile alichokitaka shemeji: aache minazi isimame kwenye ardhi ambayo mwenye minazi haruhusiwi kuikanyaga.

Alisogea ili nipate pa kukaa. Hakuwa na hasira nami, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Rufaa ni yako, mdogo wangu," alisema. "Minazi ni yangu."

Akamwashiria fundi ahamie safu za kisimani.