Mama Mkwe Chini ya Mwavuli

Wapendwa, nina mume aliyewahi kuvuka mtaa mzima kafungua mwavuli kwenye jua kali, Mama Mkwe kamkalia kichwani, na mwewe anamfuata kwa juu kama anayemdai.

Sijatia chumvi. Kaeni niwasimulie.

Huyo Mama Mkwe ni njiwa wangu. Nilimpa jina hilo kwa sababu kila akitua uani anatembea polepole, anapinda shingo, anakagua sufuria zangu moja moja, na haridhiki.

Nafuga njiwa wale wa kurudi nyumbani. Unamtia kwenye kikapu, unampeleka mbali, unamwachia, naye anajua kwao ni wapi. Banda lao lipo nyuma ya jiko, mbao zake ni za kitanda walicholalia wanangu, na mlango ni kipande cha wavu wa dirisha.

Shida ilikuwa mwewe.

Alikuja kila jioni, njiwa wanaposhuka kula. Hawahi, hachelewi. Wakishuka tu, huyo.

Nilihangaika jamani. Nikatundika sidii kuukuu za muziki zing'ae juani, akazifanya kioo. Nikasimamisha sanamu la kutishia ndege, nikalivika koti la mzee wangu. Mwewe akatua begani kwake, akajichambua manyoya bila wasiwasi.

Mzee akalalamika kwamba lile ni koti lake la harusi. Nikamwambia basi ndiyo maana halitishi.

Alipochukuliwa njiwa wangu mwenye madoa, nililia mwiko ukiwa mkononi. Mzee wangu si mtu wa maneno mengi. Aliweka kikombe chini, akasema sisi hatukufunga ndoa ili tumlishe mwewe. Akichukua mmoja tena, waliobaki wanahamia kwa Fundi Saa.

Nikakubali.

Fundi Saa ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Anatengeneza saa, naye pia anafuga njiwa, ila banda lake lina paa la wavu na anawatoa nje anapotaka yeye. Aliposikia habari zangu alinipa pole ndefu. Alipomaliza tu, nikasikia anafagia banda.

Sasa siku ya kisa chenyewe.

Asubuhi nilimkabidhi dereva wa lori la mboga kikapu chenye Mama Mkwe, akamwachie huko aendako. Ndiyo mazoezi yake. Njiwa wa namna hii asiporushwa anakuwa kama kuku tu.

Mchana nikashika kopo langu. Ni kopo la maziwa ya unga, ndani naweka mahindi yaliyovunjwa. Nikilitikisa, kacha-kacha-kacha, njiwa popote walipo wanashuka. Nimewazoesha tangu makinda.

Siku hiyo mahindi yalikuwa yameingiwa na wadudu, nikawa nayatikisa ili niwatoe. Njiwa wote wamefungiwa bandani.

Kacha-kacha-kacha.

Mwewe akatua juu ya nguzo ya umeme.

Nikaacha. Akasubiri, akachoka, akaenda zake. Nikatikisa tena. Akarudi, akainamisha kichwa, ananitazama kama mgeni anayeuliza kama meza iko tayari.

Mwanangu wee. Kumbe nilikuwa namfuga mwenyewe. Kila jioni nilimpigia kengele ya chakula, halafu nikamshangaa anajuaje saa ya kula.

Nilicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Kicheko kikakatika simu ilipoita. Ni dereva, anasema ameshamwachia Mama Mkwe na upepo unamsukuma, atafika sasa hivi.

Mama Mkwe hewani. Mwewe nguzoni. Na Fundi Saa anachungulia ukutani, kashika boksi la kubebea njiwa.

Nikamwamsha mzee, nikampa kopo. Nikamwagiza aende uwanja wa mpira, alitikise bila kuacha. Mwewe atamfuata yeye, na Mama Mkwe atatua nyumbani salama. Akaniuliza, mwewe akishamfuata, yeye afanye nini.

Nikampa mwavuli.

Akaenda, kacha-kacha, na mwewe huyo nyuma yake. Hata Fundi Saa alikiri kwamba bibi huyu ana akili. Nikavimba kichwa.

Mara nikaona kidoa cheupe angani. Kinakuja, kinakuja, kikafika juu ya paa letu. Kikazunguka kidogo.

Kisha kikakata kona kuelekea uwanjani.

Ndipo nilipokumbuka nani mwingine anayeitika kopo.

Nilikimbia, na magoti haya haya mnayoyasikia yakilia. Nafika uwanjani, vijana wameacha mpira unajiviringisha wenyewe, wote wanatazama juu. Mzee kafumba macho, anatikisa kwa bidii kama alivyotumwa. Mama Mkwe anashuka kutoka huku. Mwewe anashuka kutoka kule.

"Mzee, mwavuli!"

Ukafunguka, paa. Mama Mkwe akapenya chini yake, akatua katikati ya upara. Mwewe akaugonga mwavuli, akateleza, akaruka pembeni huku anajifanya hakukusudia.

"Kuna nini kichwani kwangu?" mzee akauliza, bado kafumba macho.

"Mama Mkwe."

Akanyooka. Tangu anioe sijamwona amesimama kwa adabu vile.

Tukarudi hivyohivyo mtaa mzima, mwewe juu yetu hataki kukata tamaa. Mlangoni tukamkuta Fundi Saa. Akasema hiyo haihesabiki, njiwa wa kurudi nyumbani anarudi kwa mabawa, si kwa miguu ya mtu.

Mzee akamjibu taratibu, Mama Mkwe angali kichwani. "Jirani, tulisema mwewe akichukua. Leo amechukua usingizi wangu tu."

Fundi Saa akaliangalia boksi lake, akalikunja.

Tangu hapo njiwa wanaitwa kwa wimbo anaouimba mzee. Mwewe aliusikiliza mara moja, akahama nguzo. Njiwa wenyewe wanashuka upesi kuliko zamani, nadhani ili anyamaze.

Mngedhani yameisha. Siku chache baadaye nikasikia ng'ambo ya ukuta, kacha-kacha-kacha.

Fundi Saa alikuwa amepata kopo lake. Alivyoona njiwa ameruka paa la kwao akaenda kumkalia mtu kichwani, aliamini uchawi wote uko kwenye kopo. Njiwa wake wako nje, wanapigapiga mabawa kwa furaha. Na kule juu ya nguzo, mgeni wangu ameshafika, ametulia.

Kusema kweli nilitamani kwanza ajionee mwenyewe kidogo. Kidogo tu.

Kisha nikapanda juu ya ndoo. "Jirani, weka kopo chini, fungia njiwa, halafu njoo unywe chai. Kuna mtu nataka nikutambulishe kwake."

Wapendwa, adui akiijua mno ratiba ya nyumba yako, usikimbilie kumlaani. Tazama kwanza mkono wako umeshika nini, na unakitikisa kwa nani.