Masega Niliyokataa Kuyeyusha

Mume wangu alipoondoka kwenda Mombasa kutafuta kazi, alipitia kwanza kwenye mizinga yake, ndipo akaja kuniaga mimi na watoto wetu. Sikushangaa. Nyuki walikuwa wake wenzangu, na siku zote mimi ndiye niliyekuwa mdogo. Ulikuwa ukame wa miaka ya themanini, na kwetu kusini mwa Kitui ng'ombe walikuwa wakianguka kabla ya kufika kisimani.

"Huku hakuna maua, nyuki hawatakaa," aliniambia. "Mvua ikinyesha na mizinga ikishika nyuki tena, nitumie habari. Nitakuja turine asali."

Nililishika neno hilo kwa mikono miwili.

Mizinga ya magogo ya baba yake ilikuwa juu mitini, na mwanamke hakupanda huko. Lakini ya mume wangu ilikuwa masanduku ya mbao yenye fremu ndani, aliyoyapata kupitia kikundi cha kanisa, nayo yalining'inia kwenye waya kimo cha kiuno changu. Hakuna aliyewahi kunikataza kuyagusa, maana hakuna aliyefikiri ningetaka.

Nilitaka pale yalipokaa kimya. Nilifungua la kwanza bila moshi, bila kujifunika, na hakuna hata nyuki mmoja aliyekuja kunifukuza. Walikuwa wamekufa ndani ya masega, kila mmoja ameingiza kichwa katika tundu lake, mikia nje, wamelamba hadi mwisho. Nikaketi chini nikalia, na haikuwa kwa ajili ya nyuki.

Mama mkwe alikuja na sufuria. Alitaka tuyeyushe masega yote, kwa sababu nta ilikuwa na wanunuzi pale Mutomo na nyumbani hapakuwa na unga. Hakuwa mtu mbaya. Nilimpa yale yaliyoingiliwa na nondo, yenye utando kama wa buibui na funza wanaotembea ndani, na yale meusi mazito yasiyopitisha mwanga. Mengine nikayakatalia.

"Mwiitu, binti yangu, hizo takataka unawekea nani?"

"Naweka za nyuki, mama."

"Nyuki gani? Si wamekufa wote?"

"Watakuja wengine."

Alinitazama, akaitazama njia ya kwenda barabarani, akajibeba na sufuria yake. Alijua kuwa sikuwa nikizungumzia nyuki peke yao.

Nilifagia maiti kwa unyoya wa kuku. Fremu nikazikwangua kwa kisu, nikazitundika jikoni, moja mbali na nyingine, ili moshi na upepo vipite katikati na nondo wasipate pa kutagia. Kila Jumamosi nilizishusha nikaziinua juani, moja moja, nikitafuta utando. Nilipozinusa nilipata harufu ya koti lake. Nilikuwa na hamu naye hadi kifua kikauma, na mwanamke wa kanisa hasemi mambo hayo kwenye maombi ya akina mama. Basi nilikuwa nasimama jikoni nikinusa mbao.

Mvua iliponyesha na miti ikatoa maua, nilirudisha masega katika masanduku, machache katika kila moja, na fremu tupu pembeni ili wageni wapate pa kujenga. Mlangoni nikapaka nta iliyoyeyushwa. Kundi lilikuja asubuhi moja nikipalilia pojo. Lilinipita juu ya kichwa likinguruma, likazunguka, likaanza kuingia katika sanduku la kwanza kana kwamba limeitwa kwa jina. Nilitupa jembe. Nilicheka peke yangu shambani kama kichaa, kwa sababu kwangu mimi aliyekuwa akiingia alikuwa mume wangu.

Jirani yetu alikuwa utingo wa lori la mbuzi lililokwenda Mombasa. Nilimpa habari: mwambie mizinga imeshika, aje turine. Akarudi na jibu kwamba atakuja akipewa ruhusa kazini. Nikapaka nyumba udongo upya. Nikasuka nywele, zikafumuka, nikasuka tena.

Asali haingoji ruhusa ya mtu. Masega yalijaa yakafunikwa, na mama mkwe akaniambia nikichelewa nitawavunia siafu. Tulirina sisi wawili, yeye akishika moshi, akikohoa na kunitania kwamba kwa kurudisha nyuki wake nimemzaa mwanawe mara ya pili. Kwetu asali ya kwanza haikuliwa na mtu mwingine kabla ya mwenye mzinga kuionja. Basi nilikata sega lililokuwa jeupe kuliko yote, nikaliweka katika kopo, nikalifunga kwa kitambaa changu cha kichwa, nikampa utingo. Iliyobaki nikaifunika mtungini. Watoto walizunguka ule mtungi siku baada ya siku, wakimeza mate, nami nikiwafukuza. Nikawaambia baba kwanza.

Lori liliporudi, sikungoja lifike sokoni. Nilisimama kando ya barabara nikapunga mkono hadi likasimama. Utingo alishuka bila kunitazama usoni. Kopo lilikuwa mkononi mwake, na kitambaa changu bado kilikuwa kimefungwa vile nilivyokifunga.

"Mama, nilimpata," alisema. "Ako sawa, amenona hata. Kuna mama alikuwa hapo kwa nyumba. Bwanako amesema usimuwekee tena. Ati watoto wakule tu."

Nikamshukuru, maana safari ilikuwa ndefu na hakuwa na kosa. Nilifika nyumbani, nikautoa mtungi nje, nikawaita watoto. Mama mkwe alisimama mlangoni, akaliona kopo, akaingia ndani. Watoto walikula hadi viwiko vikanata. Mdogo alinivuta mkono akanitia kipande mdomoni, nami nikatafuna. Nilidhani kitanichukiza. Kilikuwa kitamu, kitamu sana, na hapo ndipo nilipojua kwamba nitaishi.