Mapovu ya Kona ya Mbali

Fundi wa matangi ya samaki wa Old Kampala hukunja mkono mmoja tu wa shati, wa kulia, na mkono huo haukauki. Mdomo nao haupumziki. Huisemesha mimea ya majini kama anayepatana nayo bei. Leo yuko Kikuubo, uchochoro wa maduka, kwa Nabintu, muuza vitenge aliyeapa kulirudisha tangi alilouziwa: mimea ya karibu na pampu imenona, ya kona ya mbali inakufa, na wateja wanacheka.

“Niongeze hewa ya ukaa ya kuilisha?” Nabintu akauliza.

“Utaua samaki, nyabo. Hewa ipo, ila haisafiri.” Akanyunyiza chembe za majani ya chai. Zikaenda, zikagonga jiwe kubwa la urembo aliloliweka Nabintu mwenyewe, zikarudi. “Ukiegesha lori katikati ya Kikuubo, mzigo utafika nyuma?”

“Litoe basi, upesi.”

Akalitoa, akakisogeza kijiwe cha mapovu, kinachotoa hewa hiyo, chini ya mdomo wa pampu. Mapovu madogo kama vumbi yakabebwa, yakavuka tangi zima. Fundi akabandika shavu kwenye kioo, akihema kama aliyekimbia. “Yamefika,” akanong’ona.

Nabintu alikwisha kuvuta benchi la wateja hadi kona ile waliyokuwa wakiicheka.