Wasomaji Kumi na Sita kwa Mpigo

Mimi nimelelewa na majani chai, na kosa langu kubwa kazini lilitokana na malezi hayo. Kwetu kazi ya kuchuma ikizidi unaita majirani. Watu kumi na sita wanaingia, kila mmoja na mstari wake, na kabla ya saa sita mmemaliza. Basi nilipokuwa nikitunza kompyuta za kiwanda cha chai, mkubwa wangu akataka kujua mavuno ya kila shamba tangu mizani za kielektroniki zianze. Jedwali la uzani lilikuwa refu ajabu. Nikaiamuru seva iligawe vipande kumi na sita, ivisome vyote kwa mpigo, kila kipande na msomaji wake. Nilikuwa nimejaribu hivyo Jumapili moja, hakuna anayepima, na jibu likaja upesi. Nikajiona fundi.

Sasa ilikuwa Jumanne mchana, jua kali, vituo vyote vya kununulia majani vinapima. Kila gunia likining'inizwa, mizani hutuma uzito kwenye seva ileile, kisha hungoja jibu.

Simu ikalia. Alikuwa karani wa kituo cha kijijini kwetu, upande wa Silibwet. "Boss, mizani imekwama nusu saa sasa. Line imefika kwa barabara, na majani imeanza kushika moto."

Jani likikaa sana guniani hupata joto na kuwa jekundu, na jekundu halipokelewi. Jasho la tangu alfajiri linamwagwa. Nami, kwa hasira zangu za karibu, nikaanza kuulaumu mtandao. Huko kituoni simu ikanyakuliwa na mama yangu mzazi, naye alikuwa kwenye foleni.

"Wewe kijana, hiyo kompyuta yenu inafanya nini? Majani yangu inaharibika hapa!"

Nikatazama ilikuwa inafanya nini. Wasomaji wangu kumi na sita walikuwa wameishika diski yote, na uzani wa vituo ulikuwa umepanga foleni nyuma yao. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikalisimamisha swali langu, nikangoja nione tarakimu za vituo zikianza kusogea, kisha nikapanda pikipiki. Siku hizi swali kubwa nalipangia wasomaji wawili tu, tena malori ya kubeba majani yakishaondoka vituoni.

Kituoni sikuona magunia. Mama, ambaye hukaa na ufunguo wa kanisa la jirani, alikuwa amelifungua. Akina mama walikuwa wametandika magunia matupu juu ya mabenchi, wakamwaga majani juu yake, kila mtu na benchi lake, wakiyapindua kwa mikono yapoe ndani ya ule ubaridi. Nikaingia, nikasimama mbele yao.

"Kosa ni yangu," nikasema. "Si network, si karani."

Mmoja akacheka, akaniambia niache hotuba nishike gunia. Nilitaka kulia kwa shukrani.

Tukayajaza majani tena guniani, tukayabeba magunia hadi kwenye mizani, moja baada ya jingine, yakapokelewa. Mama alikuwa amewapisha wengine wote, kwa hiyo majani yake yalikuwa ya mwisho, na ndiyo yaliyokaa muda mrefu zaidi. Karani akazamisha mkono guniani hadi kiwikoni, akachota kutoka chini kabisa, akanusa.

"Hii iko sawa, mama. Weka juu."

Gunia lake nililining'iniza mwenyewe.