Kalamu Iliyokataa Kikapu

Jumamosi nilihudhuria maombi ya watahiniwa wa kidato cha nne katika shule moja ya wasichana karibu na Kanyakine. Pasta akaagiza kalamu zote ziletwe mbele zibarikiwe. Kikapu kilipita, kikakwama kwa msichana aliyeinamia daftari la hesabu.

"Weka kalamu," mwalimu akamwambia. "Na ile D ulipata kwa hesabu, wewe ndio unahitaji maombi kuliko wote."

Msichana hakuinua kichwa. "Pasta aniombee tu nikiandika, mwalimu. Hii hesabu imenikataa tangu jana, na leo sitoki hapa kabla haijakubali."

Kikapu kikampita. Ibada ilipoisha, wenzake walirudishiwa kalamu zilizobarikiwa, zimejaa wino. Yake ilikuwa imebaki na wino nusu. Nilikuwa nimeshasema amina, nikaisema tena kwa ajili ya kalamu yake.